Hata Mimi

Aliniambia huku akikamua shuka,
mgongo kanipa, maji yakimchuruzika viwikoni:
"Shoga, mtu akikuletea msiba wake
wewe humpokei. Unamtolea wako,
kisha unamwonyesha kuwa wako ndio mrefu."
Akaikung'uta shuka, ikalia kama kofi.
"Nakwambia kwa sababu nakupenda," akasema,
neno ambalo, kwa siku ile, lingeweza kungoja.

Nikachukua baiskeli yangu.
Kutoka Makorora hadi Barabara ya Ishirini
nilihesabu makosa ya Mwanakheri,
kosa moja kwa kila mzunguko wa pedeli:
chekeche langu, aliloazima zima
akalirudisha limetoboka, wala asiseme;
kucheka kwake kwenye matanga ya Bi Rukaiya;
ubwabwa wake wa mwaka juzi, mbichi katikati,
tuliokula tukausifu.
Tukausifu! Nani alimwambia?
Nilifika hesabu imejaa,
na gurudumu la mbele limepinda, linagusa breki,
linaachia, linagusa, linaachia.

Fundi Shekue akaipindua baiskeli miguu juu,
akalizungusha, akasogeza kipande cha chaki
karibu na rimu, mkono umetulia.
Hakuligombeza gurudumu.
Hakulitajia ukoo wake wala lilikotoka.
Chaki ikagusa pale palipochomoza,
ikaacha alama nyeupe, ndogo kama ukucha.
"Hapa tu," akasema. "Kwingine hakuna neno."
Akakaza spoki robo mzunguko. Akazungusha tena.
"Ukikaza kwa hasira inakatika,
na ubovu unahamia upande wa pili."
Nikaitikia kwa kichwa, nikimfikiria Mwanakheri,
nikifurahi kupata shahidi.

Kisha, bila kuinua uso, akasema mamake
yuko Bombo tangu Jumatatu. Mguu. Sukari.
Madaktari wameanza kuzungumza habari ya kukata.
Na mimi,
wallahi niliusikia mdomo wangu ukinitangulia:
"Hata mimi, mamangu mwaka ule..."

Gurudumu lilikuwa bado linazunguka.
Niliisikia chaki ikigusa.

Nikafunga kinywa. Maneno yakabaki ndani
kama tonge la moto mbele ya wageni:
kutema huwezi, kumeza huwezi.
"Anaitwa nani mamako?" nikauliza.
"Mwanjaa."
Akaweka spana chini. Akaeleza ya shamba la Pongwe,
ya machungwa aliyoyabeba kichwani hadi barabarani
kwa miguu hiyo hiyo, ndiyo ada ya shule,
ndiyo banda hili, ndiyo hii spana.
Sikuongeza kitu. Taya ziliniuma.

Jioni nilirudi uani kwake. Shuka zimekauka.
"Bado nimekukasirikia," nikamwambia.
"Kasirika ukiwa umekaa," akasema,
akanisogezea mbuzi ya kukunia nazi.
Tukakaa. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya mtu
anayejaribu maji kwa kidole:
"Na mimi je? Mimi kasoro yangu ipi?"

Hapo ndipo ningeiomba ile chaki.
Nilisema chekeche. Chekeche tu; ubwabwa niliuacha.
Nilisema polepole, nikimtazama usoni.
Akanyamaza. Akasema amesikia, ahsante.
Akaanza kukunja shuka
ambazo alikwisha kuzikunja.

Leo siku ya nne hajanisemesha.
Asubuhi nilimwona akipita na baiskeli ya mwanawe,
kichwa kakiinamisha, pedeli hii, pedeli ile,
na midomo inacheza.
Najua anahesabu nini.
Najua pia njia hiyo inaishia kwa nani,
maana fundi ni mmoja.

Mlango nimeuacha wazi.
Mbuzi iko pale pale, sijaisogeza.